Umeme Ukikatika, Kazi Yako Iko Wapi?

Wanangu wa Lubumbashi, ninyi wa mitaa ya Kenya na Katuba, Kamalondo na Ruashi, na ninyi mnaosoma pale chuo kikuu, nina neno juu ya simu na kompyuta zenu. Siji kuwaambia mziache. Wazee wenzangu wamekwisha kulisema hilo mara nyingi, na mimi sikubaliani nao. Nilikuwa karani wa ghala. Kazi yangu ilikuwa kujua kila spana iko wapi, nani kaichukua na lini atairudisha, na kazi hiyo ilinifundisha kupenda vyombo na watu wanaovipenda. Ila karani hamkabidhi mtu chombo kabla ya kumhoji, na swali langu kwenu ni moja: umeme ukikatika leo jioni, mtandao ukapotea na mega zikaisha, kazi yako itakuwa wapi?

Hapa kwetu swali hilo lina historia. Njia ya umeme itokayo Inga mpaka Kolwezi, karibu kilomita 1,700, ilianza kazi mwaka 1982, na ilijengwa kwa ajili ya migodi. Nyaya zake zinapita juu ya vijiji visivyo na taa. Sisi wa mjini, ambao nguzo ziko mlangoni petu, tunapanga siku nzima kwa kufuata delestaji, yaani mgao wa umeme, na ikiingia tunarudi kwenye makaa kupika bukari, ugali wetu. Mtengenezaji wa programu aliyeko California hayajui hayo. Anatengeneza akidhani umeme upo na intaneti haikatiki. Kwa hiyo kuchagua ni juu yenu, na katika kuchagua mna jicho kali kuliko lake, kwa sababu mmeishi na kukosa.

Na mjue kwamba simu hiyo si mgeni katika nchi yenu. Mwaka 1980, kule Oxford, John Goodenough na wenzake waligundua kwamba ncha moja ya betri ya lithiamu inaweza kufanywa kwa oksaidi ya kobalti. Mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri za namna hiyo, na mwaka 2019 Goodenough na wenzake wawili wakapewa tuzo ya Nobel. Kobalti yenyewe? Zaidi ya theluthi mbili ya ile inayochimbwa duniani inatoka Kongo, yaani Kolwezi, Likasi, na hata hapa Ruashi. Ndugu zenu wanashuka mashimoni kuitafuta kwa sururu na tochi, na wengine hawakupanda tena. Ndiyo maana naona uchungu nikimwona kijana mwenye akili timamu akikitumia chombo hicho kupitisha vidole juu ya kioo tangu asubuhi mpaka jioni, asibaki na kitu. Mna haki ya kukifanyisha kazi kuliko watu wote wa dunia.

Basi kitunzeni. Betri ya lithiamu inauawa na joto kuliko kitu kingine. Msiiache simu juani chini ya bati, wala msiichaji ikiwa imefunikwa na mto. Msingoje izime kabisa ndipo mkimbilie kuichaji. Ikikaa kati ya asilimia 20 na 80 inaishi muda mrefu zaidi. Betri iliyovimba ni hatari, itoeni nyumbani siku hiyohiyo. Na kama unaweza kununua kitu kimoja tu mwaka huu, acha simu mpya, nunua paneli ndogo ya jua na betri nzuri ya akiba.

Sasa programu. Ya kwanza ninayoipenda inaitwa Kiwix. Ilianzishwa mwaka 2007 kwa ajili ya watu wasio na intaneti ya uhakika. Unapakua Wikipedia nzima kama faili moja, unaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu, na tangu hapo unaisoma bila mtandao hata kidogo. Ya Kiswahili ni ndogo. Ya Kifaransa ni gigabaiti kadhaa hata bila picha, na zaidi sana ukitaka picha zake. Kuna pia faili ya mambo ya tiba peke yake, nayo inawafaa sana wanaosomea uuguzi. Usiseme mega ni ghali. Mmoja wenu mwenye mtandao mzuri apakue mara moja, kisha wengine wanakili kutoka kadi hadi kadi; nakala haina kodi na wala sheria haikatazi. Tena simu moja yenye Kiwix inaweza kuwagawia wenzake kwa waifai yake yenyewe, bila intaneti, na watoto wa mtaa mzima wakasoma gizani jioni ya delestaji. Jambo hilo ningeliona katika ujana wangu nisingelala.

Kwa ramani, jaribuni programu zinazotumia OpenStreetMap, kazi iliyoanza mwaka 2004, kama vile OsmAnd au Organic Maps. Ramani ya mkoa unaipakua mara moja na inakuongoza bila mtandao. Zaidi ya hapo, ni ramani unayoweza kuisahihisha mwenyewe. Kama njia ya nyuma ya shule yenu haimo, au zahanati imehama, iandike. Mji huu ulichorwa na Wabelgiji tangu 1910 kwa mahitaji yao, wazungu huku na Waafrika kule. Mkichora vichochoro vyenu kwa mikono yenu, mtakuwa mmefanya kazi ambayo baba zenu hawakupewa nafasi ya kuifanya.

Mwanafunzi wa tiba au wa sheria, tafuta Anki. Ni kadi za maswali na majibu, na programu inakumbuka kadi ipi ilikushinda na kukuletea mapema, na ipi unaijua na kukuletea baadaye. Msingi wake ni wa zamani: Mjerumani Hermann Ebbinghaus alipima jinsi mtu anavyosahau na akachapisha mwaka 1885. Kwenye simu za Android ni bure. Hata bila simu njia hiyo inafanya kazi kwa vipande vya karatasi ndani ya makasha matano. Kila swali ulilolijua linasogea kasha moja mbele, ulilokosa linarudi la kwanza.

Nikae zaidi kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo naona vijana wakiumia bila kujua wanachoumizwa nacho. Wengi wenu mnafanya biashara ndogo. Mnaleta unga kutoka Kasumbalesa, mnauza nguo, mnauza vocha na kubadili pesa. Mnanunua kwa dola na kuuza kwa faranga. Tuseme mfuko wa unga umeununua kwa dola 20, siku ambayo dola moja ni faranga 2,500. Umetoa faranga 50,000. Baada ya muda unauuza kwa 54,000, unafurahi, umepata 4,000. Lakini siku hiyo dola imefika 2,800. Gawanya: 54,000 kwa 2,800 ni dola 19 na senti 29. Ukirudi mpakani huwezi kununua hata mfuko uleule. Umepata hasara huku mkono umejaa noti. Nimeona mitaji ikiyeyuka namna hiyo, na mwenye mtaji akamshitaki shangazi kwa uchawi.

Dawa yake ni jedwali la hesabu. LibreOffice ina programu yake iitwayo Calc, ni bure, na inafanya kazi bila mtandao. Kwenye simu zipo nyingi zinazofanana nayo. Fanya safu sita: tarehe, kitu, bei ya kununua kwa dola, bei ya kuuza kwa faranga, kiwango cha dola siku ya kuuza, na ya mwisho iache jedwali ligawanye na kutoa lenyewe. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayokuambia kweli. Andika siku ileile, jioni, kabla ya kula. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na jedwali ni daftari linalojua kugawanya. Faili lenyewe lihifadhi kwenye simu yako na kwenye fleshi. Lisikae tu kwenye akaunti ya mbali ambayo nywila yake anaijua binamu aliyekufungulia.

Hapo nisimame kidogo. Programu nyingi nzuri leo hazikupi faili. Zinakuwekea kazi yako kwao, unaiona kwa dirisha, na siku wakibadili bei au wakifunga duka, dirisha linafungwa. Cha kuazima hakisitiri maungo. Sisemi msizitumie, kumtumia mwenzako aliyeko Likasi hati mnayoiandika pamoja ni jambo zuri sana. Nasema kila mwisho wa mwezi toeni nakala, muiweke mahali mnapoweza kuigusa. Programu ambayo haina kitufe cha kutolea kazi yako nje, mimi nisingeikabidhi hata orodha ya sokoni.

Nyaraka nazo. Diploma ya serikali, kadi ya mpiga kura, hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa cha mtoto: katika nyumba zetu vyote hivyo viko ndani ya bahasha moja chini ya godoro au juu ya kabati, na mvua za Novemba na mchwa wanaijua njia ya kabati. Simu yako ina kamera, na kuna programu za bure zinazonyoosha picha ya karatasi ikasomeka. Piga kila ukurasa, mbele na nyuma, mchana karibu na mlango. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, kisha neno linaloeleza, ili zijipange zenyewe. Nakala tatu: ya kwanza kwenye simu, ya pili kwenye fleshi, ya tatu kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine, maana moto hauchagui. Nakala haitachukua nafasi ya karatasi yenye mhuri, ila siku karatasi ikipotea itakupa namba na tarehe za kuanzia, na mtu mwenye namba hasimami dirishani muda mrefu kama asiye nayo. Msizitume kwa mtu msiyemjua anayeahidi kazi mgodini. Kitambulisho chako mkononi mwa tapeli ni deni lisilo na kikomo.

Na kwa kuwa nimetaja matapeli: pesa za simu, M-Pesa, Airtel Money, Orange Money, zimeokoa wengi. Nakumbuka zamani pesa za mgonjwa zilivyosafiri kwa lori ndani ya barua. Lakini namba ya siri haina rafiki. Mtu akikupigia kwamba amekutumia pesa kwa makosa na anakuomba umrudishie, usiutazame ujumbe aliokutumia, tazama salio lako. Hata kama pesa ziko kweli, mwambie aende kwa kampuni, wazirudishe wao. Wafundisheni mama zenu hili leo.

Nimemaliza ya kazi, nije kwenye ya raha, maana mtandao una hazina na wengi wenu hamjaonyeshwa mlango.

Anzeni na gitaa. Mwaka 1952, kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimsikia kijana akipiga gitaa peke yake, akamrekodi. Kijana huyo alikuwa Jean Bosco Mwenda, na wimbo wake Masanga ukapita mipaka ya Afrika. Miaka miwili baadaye Tracey alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini, na rekodi zake nyingi zinasikika leo kwenye intaneti. Mpiga gitaa kijana, nikupe siri: pakua VLC, programu ya bure ambayo chimbuko lake ni wanafunzi wa École Centrale ya Paris mwaka 1996. Ina uwezo wa kupunguza kasi ya wimbo bila kuushusha sauti. Iweke nusu ya kasi, na utasikia kidole gumba cha Mwenda kinafanya nini wakati vidole vingine vinaimba. Hakuna mwalimu wa mtaani atakayekuchezea mara mia bila kuchoka.

Kisha tafuteni Archives of Popular Swahili, hazina iliyofunguliwa Amsterdam na kuwekwa kwenye mtandao kwa kila mtu. Humo mna kitu ambacho kila mtoto wa Lubumbashi angepaswa kukijua. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu cha Katanga, akaiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Hakuwa profesa. Aliandika mambo kama yalivyoonekana kutoka jikoni kwa mzungu: kazi, mshahara, vita, mabwana na tabia zao. Mtaalamu Johannes Fabian alipotaka kukichapisha kitabu hicho alipata tabu kukisoma, kwa kuwa maneno yalikatwa na kuunganishwa kama yalivyotoka kinywani. Ndipo Kalundi Mango, mtu wa lugha hiyo, akakisoma kwa sauti, na maana ikatoka. Kitabu kilichapishwa mwaka 1990 na leo mnaweza kukisoma bila malipo. Nanyi kisomeni kwa sauti, nyumbani, mkiwa na babu pembeni. Kuna maneno humo ambayo atayacheka na kuyaeleza, na mengine yatamnyamazisha.

Katika hazina hiyohiyo yamo mazungumzo ya Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji. Mwaka 1973 na 1974, hapa Lubumbashi, alichora historia ya nchi hii katika picha zaidi ya 100, na Fabian akakaa naye na kinasa sauti, wakaongea picha moja baada ya nyingine kwa Kiswahili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zilipotea. Hatujui mwisho wake. Ila sauti yake, jinsi alivyojibu, alivyosita, alivyobishana na profesa, imebaki, imeandikwa neno kwa neno, kwa sababu mtu alibonyeza kitufe.

Sasa mtazame mlicho nacho mfukoni. Hata simu janja ya bei ndogo leo inanasa sauti vizuri vya kutosha kwa kazi kama ile ya Fabian. Na nyumbani kwenu yuko bibi aliyezaliwa katika kambi ya wafanyakazi, aliyekula posho ya kampuni, aliyeona mji ukiacha jina la Elisabethville mwaka 1966, aliyesikia mabomu ya siku za Tshombe, Katanga ilipojitenga. Nani amemrekodi?

Kile kilima cheusi kando ya bomba la moshi la zamani mnakiona kila siku. Shaba ya kwanza ilimiminwa hapa mwaka 1911, na mabaki ya tanuru yakatupwa pale miaka na miaka, yakaitwa uchafu. Baadaye ikaonekana kobalti imejaa ndani yake, ikajengwa tanuru nyingine ya kuitoa. Maneno ya bibi yenu yako pale yalipokuwa mabaki hayo. Tofauti ni kwamba kilima kilisubiri, na bibi hatasubiri.

Fanyeni hivi. Mwombeni ruhusa kwanza, na mumweleze sauti hiyo itakaa wapi na nani ataisikia. Akisema jambo fulani lisitoke nje ya familia, lisitoke. Chagueni saa ambayo jenereta la jirani halijawashwa. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege, juu ya kitambaa, karibu na kinywa chake kuliko chenu. Anzeni kwa kutaja tarehe, mahali, jina lake na la kijiji cha wazazi wake. Msimuulize historia, ataona ni mambo ya shule. Muulizeni walipika nini siku ya posho, nani alikuwa na redio ya kwanza mtaani, walicheza muziki gani Kamalondo, baba yake alirudi kutoka kazini na harufu gani. Aongee Kiswahili chake, au Kibemba, au Kiluba, wala msimsahihishe. Akinyamaza, nyamazeni naye; linalokuja baada ya kimya mara nyingi ndilo lenyewe.

Jioni faili liitwe kwa mwaka, mwezi, siku na jina lake, nakala tatu, moja ikiwa katika nyumba nyingine. Na kabla hamjaondoka pale alipokaa, mrudishieni sauti yake aisikilize. Atasahihisha jina moja au mawili na mwaka mmoja. Masahihisho hayo myarekodi pia.